Mawasiliano, urambazaji na ufuatiliaji wa ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanafunzi wa uongozaji ndege, mafundi wa mitambo, wamiliki wa ndege ndogo zinazoruka kati ya Dar es Salaam, Zanzibar na mbugani, na mkazi wa Kipawa au Ukonga anayetaka kujua kile kinachozunguka juu ya mnara kinafanya kazi gani. Yanayohusu ADS-B (ndege kujitangazia kwa redio mahali ilipo) na GPS ni marefu kuliko mengine kwa sababu huko ndiko makosa yanakotokea zaidi.

Hivi CNS ni nini, na kwa nini vitu vitatu hutajwa kwa pamoja?

Ni mawasiliano, urambazaji na ufuatiliaji. Mawasiliano ni rubani na mwongoza ndege kusikilizana. Urambazaji ni ndege yenyewe kujua ilipo na inakoelekea. Ufuatiliaji ni aliye chini kujua ndege ilipo. Hutajwa pamoja kwa sababu umbali unaoachwa kati ya ndege na ndege huamuliwa na kilicho dhaifu kuliko vyote vitatu. Rada ikiwa nzuri lakini redio inakwaruza, mwongoza ndege hawezi kuzisogeza ndege hadi maili 5 za baharini, maana akiona zinakaribiana hana hakika kama agizo lake litasikika kwa wakati.

Wazo la kujenga vyote vitatu juu ya setilaiti na data lilianzia kwenye kamati ya FANS (mifumo ya baadaye ya urambazaji wa anga), iliyoundwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, mwaka 1983, likakubaliwa kwenye mkutano wa 10 wa urambazaji wa anga mwaka 1991. Mpango wa sasa wa dunia umegawanywa kwa hatua za 2013, 2019, 2025 na 2031. Nchi hailazimiki kubeba kila kitu kilichomo, huchagua kinachotatua tatizo lake.

Tanzania imeshafunga rada za kiraia. Mbona bado tunazungumzia teknolojia nyingine?

Rada zipo nne: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Ni hatua kubwa. Ila mawimbi ya rada, kama ya redio ya VHF, husafiri kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Hesabu ya haraka ni hii: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha ndege kwa futi, zidisha kwa 1.23, unapata umbali kwa maili za baharini. Ndege iliyo futi 35,000 huonekana hadi maili 230 hivi, sawa na kilomita 426. Ya futi 10,000 ni maili 123. Ya futi 2,000 ni maili 55 tu, na hapo tumechukulia kwamba hakuna Uluguru wala Usambara iliyosimama katikati. Kutoka Dar hadi uwanja wa Kilimanjaro ni takriban kilomita 450. Ndege kubwa ya juu haipotei njiani, lakini ndege ndogo inayoruka chini inaweza kupotea.

Kuna suala la muda pia. Rada ya masafa marefu hukamilisha mzunguko kwa sekunde 10 hadi 12. Ndege ya kilomita 890 kwa saa inakuwa imeshasogea karibu kilomita 3 kabla ya kuonekana tena.

Hata hivyo hatukubaliani na wanaosema rada zimepitwa na wakati. Rada hupima yenyewe umbali na upande wa ndege. ADS-B huamini kile ndege inachosema. Siku GPS itakapovurugwa, mwenye rada hubaki na picha kwenye skrini, mwenye ADS-B peke yake hubaki na kiza.

ADS-B inafanyaje kazi?

Ndege huchukua mahali ilipo kutoka kwenye GPS yake na kupaza taarifa hiyo kwa masafa ya megahezi 1090, karibu kila nusu sekunde, bila kuulizwa na mtu. Ujumbe mmoja una biti 112. Ndani yake mna anwani ya kudumu ya ndege yenye biti 24, pamoja na mahali, kimo, mwendo au jina la safari kulingana na aina ya ujumbe, na alama zinazoeleza mahali hapo paaminiwe kwa kiasi gani. Mpokezi yeyote aliye ndani ya upeo wa macho anaupata.

Rada ya pili, ile inayohitaji transponda (kifaa cha ndege kinachojibu rada), huuliza kwa megahezi 1030 na kujibiwa kwa hiyo hiyo 1090. Ndiyo maana transponda moja ya Mode S (aina inayotumia anwani ya biti 24) hufanya kazi zote mbili.

Nina Caravan, ndege ndogo ya injini moja, ya kubeba abiria. Nifunge nini ili ionekane kwa ADS-B?

Unahitaji vitu vitatu vinavyoelewana: transponda ya Mode S yenye ujumbe mrefu (ule wa biti 112), toleo la 2 la ADS-B, kipokezi cha GPS kilichoidhinishwa kwa anga, chenye uwezo wa kutoa alama za uaminifu wa mahali, na kifaa cha kimo cha hewa kilichopimwa. GPS ya mkononi au ya kwenye tableti haifai, hata kama ramani yake inapendeza, kwa sababu haitoi ahadi yoyote ya kiwango cha kosa.

Kwa ndege kubwa, zinazozidi kilo 5,700 au zenye kasi kubwa, antena ziwe mbili, juu na chini. Caravan iko chini ya uzito huo na kwa kawaida hutosheka na ya chini, ila isikae nyuma ya mguu wa tairi wala karibu na antena ya DME (kifaa cha kupima umbali hadi mtambo wa ardhini).

Anwani ya biti 24 hutolewa na mamlaka ya usajili. Za Tanzania huanza na 080 zikiandikwa kwa mfumo wa namba wa 16, na ziko 4,096. Ukinunua ndege iliyokuwa na usajili wa nchi nyingine, anwani ya zamani lazima iondolewe. Fundi akishamaliza asiishie kuona taa ya kijani. Apime kwa kifaa cha majaribio akiwa chini, asome anwani, jina la safari, kimo na alama za uaminifu, kisha aombe kituo cha uongozaji kithibitishe safari ya kwanza. Viwango vya kulenga, vile vinavyotakiwa Marekani tangu Januari 1, 2020, ni NIC (ukubwa wa duara ambamo ndege imehakikishwa kuwemo) isiyopungua 7, NACp (usahihi wa mahali) isiyopungua 8 na SIL (uhakika wa duara hilo) 3. NIC 7 maana yake ndege imo ndani ya duara la nusu kipenyo cha maili 0.2, kama mita 370.

Kila kitu kimefungwa, lakini mwongoza ndege anasema hanioni, au jina langu halilingani. Shida nini?

Anza na jina la safari. Linaloingizwa kwenye transponda lifanane herufi kwa herufi na kisanduku cha 7 cha mpango wa safari. Ndege iliyosajiliwa 5H-XYZ huandikwa 5HXYZ, bila kistari wala nafasi. Safari ya shirika hutumia herufi tatu za ICAO (kwa Air Tanzania ni ATC), si zile mbili za kwenye tiketi. Sifuri moja ya ziada mbele ya namba inatosha kuzuia kompyuta kuunganisha ndege na mpango wake, na mwongoza ndege akabaki na alama isiyo na mwenyewe.

Halafu tazama kisanduku cha 10. Ndege inayotuma ADS-B kwa 1090 huandika B1. Kama haikuandikwa, mfumo mwingine hauitarajii. Kisanduku cha 18 nacho kiwe na anwani sahihi baada ya CODE/.

Hitilafu inayosumbua zaidi ni swichi ya mguu, ile inayoiambia ndege kama iko chini au imeshapaa. Ikikwama, ndege iliyo futi 9,000 hutangaza kwamba iko ardhini, na programu ya kituo huichuja pamoja na magari ya uwanjani. Fundi hubadilisha transponda mara mbili bila mafanikio, kumbe tatizo ni swichi yenye vumbi la uwanja wa mbugani.

Mwisho, kisanduku cha transponda kilichoazimwa kutoka ndege nyingine. Kwenye baadhi ya mitambo anwani hukaa ndani ya kisanduku chenyewe, si kwenye nyaya za ndege. Matokeo yake ni ndege mbili zenye anwani moja angani, na mfumo unaozifuatilia huruka huku na huku kati yao.

Kituo cha kupokea ADS-B ardhini kinahitaji nini?

Vifaa ni vichache ukilinganisha na rada: antena ya pande zote, kichujio cha 1090, kikuza mawimbi chenye kelele kidogo, kinga ya radi, vipokezi viwili, saa ya GPS, betri na jenereta, na njia mbili za kupeleka data. Data hutoka kwa muundo wa ASTERIX aina ya 21. Rada hutumia aina ya 48. Programu ya kituo ndiyo inayoziunganisha kuwa picha moja.

Pa kuchunga sana ni kebo. Ya bei rahisi, aina ya RG-58, hupoteza zaidi ya desibeli 5 kwa mita 10 kwenye masafa haya, na kila desibeli 6 zinazopotea hukata nusu ya umbali. Weka kikuza mawimbi juu mlingotini, karibu na antena, kabla ya kebo ndefu. Kukiweka chini ni kukuza kelele ambayo kebo imeshaileta.

Ukiwa pwani, chumvi ndiyo adui. Viungo vya nje vifungwe kwa utepe unaojishikiza wenyewe kisha utepe wa kuzuia jua, na kebo ipindwe chini kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke nje. Maji yakishaingia ndani ya kebo hayakauki. Umbali unapungua wiki hadi wiki, wala hakuna king'ora kinacholia. Kwa hiyo kituo kiwekewe rekodi ya umbali wa mbali zaidi kinaopokea kila upande kila siku. Mstari ukianza kushuka upande wote, kagua kebo. Ukishuka upande mmoja tu, toka nje ukaangalie ghorofa jipya.

Betri za risasi nazo: muda wake wa kuishi hupungua kwa takriban nusu kila joto la chumba likipanda nyuzi 10 juu ya 25. Kiyoyozi cha chumba cha betri si anasa.

Na mfumo wa vipokezi vingi, MLAT?

Vipokezi kadhaa husikia jibu moja la transponda kwa nyakati tofauti kidogo, na tofauti hiyo hutoa mahali. Vitatu vinatosha kwa ramani ya bapa, vinne vikitakiwa kutoa na kimo. Saa zake ziwe sahihi mno, maana nanosekunde 1 ni sentimita 30. Uzuri wake ni kwamba haitegemei GPS ya ndege, hivyo hufaa kukagua kama ADS-B inasema kweli.

GPS ikishakuwepo, VOR na NDB (mitambo ya redio ya ardhini inayoonyesha mwelekeo) zing'olewe?

NDB ziondoke taratibu, hilo halina ubishi mkubwa. VOR zipunguzwe, lakini zibaki chache zinazotosha ndege kurudi salama. DME tungependa ziongezwe. Ndege yenye kompyuta ya urambazaji hupata mahali ilipo kwa DME mbili, ilimradi pembe kati yake iwe nyuzi 30 hadi 150, na hufikia usahihi wa RNAV 1, yaani ndani ya maili 1 kwa asilimia 95 ya muda. DME iko kati ya megahezi 960 na 1215 na nguvu yake ni kubwa, kwa hiyo kuivuruga ni kazi ngumu.

GPS ni kinyume chake. Setilaiti ziko kilomita 20,200 juu, na ishara inayofika ni hafifu kuliko kelele ya kipokezi chenyewe. Setilaiti 4 hutoa mahali. Ya 5 huwezesha kipokezi kutambua kwamba mojawapo inadanganya, na ya 6 huwezesha kuitoa ile yenye kosa.

Kwa nini inasemwa kwamba GPS huku kwetu ni ngumu kuliko Ulaya?

Kwa sababu ya tabaka la ayoni. Kando ya ikweta ya sumaku, upande wa kaskazini na wa kusini, kuna mikanda miwili ambamo tabaka hilo huwa nene kuliko kwingine, na Dar es Salaam imo karibu na mkanda wa kusini. Baada ya jua kuzama, hasa miezi ya Machi na Septemba na miaka ambayo jua lina shughuli nyingi, tabaka hupasuka vipande vipande na ishara hutetemeka hadi setilaiti nyingine zinadondoka. Vipokezi vya masafa mawili, L1 ya megahezi 1575.42 na L5 ya 1176.45, hufuta ucheleweshaji unaoletwa na tabaka hilo. Mtetemo haufutiki kwa njia hiyo.

Ndiyo sababu mifumo ya kusahihisha kwa setilaiti, kama EGNOS ya Ulaya, haiwezi kuletwa Afrika ya ikweta ilivyo. ASECNA, shirika la uongozaji ndege linalojumuisha nchi kadhaa za Afrika, inajenga mfumo wake uitwao ANGA, uliorusha ishara ya kwanza ya majaribio mwaka 2020 kupitia setilaiti ya Nigeria. Jina lenyewe msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa.

Rubani atajuaje kwamba GPS inazibwa au inadanganywa, na afanye nini?

Ikizibwa, tahadhari hutokea. Ikidanganywa, huenda isitokee. Dalili ni saa ya ndege kuruka, upepo usioeleweka kwenye kompyuta, ramani kuhama ghafla, au onyo la ardhi wakati ndege iko juu ya bahari. Linganisha na VOR, DME na dira. Mwambie mwongoza ndege mara moja, uombe kuongozwa kwa rada, kisha fuata kitabu cha mtengenezaji wa ndege. Onyo la ardhi karibu na ardhi hutiiwa kwanza, maswali baadaye.

Ukishatua andika ripoti: mahali, kimo, muda, vifaa vilivyoathirika. Muda uwe wa UTC, saa ya kimataifa. Hapa watu hukosea sana. Saa 4 asubuhi ya Kiswahili ni 10:00 ya Afrika Mashariki na ni 07:00 UTC. Ripoti yenye kosa la saa tatu haiwezi kulinganishwa na rekodi za rada.

Njia za kutua za RNP (zinazoongozwa kwa GPS) zinazotumia kimo cha hewa zina hatari gani?

Kubwa ni QNH (shinikizo la hewa linalowekwa kwenye kifaa cha kimo) isiyo sahihi. Kila hektopaskali 1 ni futi 28 hivi. Ukiweka 1018 badala ya 1008, uko futi 280 chini ya unapodhani, na kila kifaa kinachotegemea kimo cha hewa kinaonyesha uko sawasawa. Mwongoza ndege asome namba moja moja, na rubani airudie yote. Joto la Dar hufanya njia iwe na mteremko mkali kidogo kuliko nyuzi 3 zilizochapishwa. Hilo si hatari, ila ndege hukawia kupunguza mwendo.

Ujumbe wa maandishi, CPDLC, utachukua nafasi ya redio?

Si karibu na uwanja. Mahali pake ni juu ya Bahari ya Hindi, nje ya upeo wa VHF, ambako hadi leo sauti husafirishwa kwa redio ya HF yenye kelele, masafa ya juu mchana na ya chini usiku. Maagizo huandikwa, rubani hujibu kwa WILCO (nitatekeleza), UNABLE (siwezi) au STANDBY (subiri). Kiwango cha utendaji wa mawasiliano cha RCP 240 kinadai mzunguko wote ukamilike ndani ya sekunde 240. Sekunde hizo ni nyingi mno kwa ndege mbili zinazokaribiana, ndiyo maana VHF inabaki.

Makosa ya kawaida ni usajili wa ndege kutolingana na mpango wa safari, na hapo ombi la kuunganishwa hukataliwa. Jingine ni ujumbe uliokawia njiani na kufika baada ya hali kubadilika.

Redio za FM zinaweza kuvuruga mitambo ya kutua?

Ndiyo. FM hukoma megahezi 108, na ILS (mtambo wa kuongoza ndege kutua) na VOR huanzia hapo hapo. Mitambo miwili yenye nguvu ikiwa mlingoti mmoja huzaa masafa ya tatu. Kwa mfano wa hesabu tu: mara mbili ya 107.5 ukitoa 104.5 unapata 110.5, ambayo ni chaneli halali ya ILS. Kichujio safi kwenye kila mtambo huondoa tatizo. Malalamiko ya masafa hupelekwa kwa mamlaka ya usafiri wa anga na ya mawasiliano, TCAA na TCRA, yakiwa na saa, mahali na rekodi ya sauti.

Data kati ya vituo hupitaje, na kwa nini hukatika wakati wa masika?

Hupita kwa faiba na kwa setilaiti. Setilaiti ya bendi ya Ku, gigahezi 12 hadi 14, hufifishwa na mvua kubwa. Bendi ya C huathirika kidogo sana. Faiba haijali mvua bali chepeo, kwa sababu barabara zikichimbwa hukatwa. Faiba mbili zinazopita mtaro mmoja zihesabiwe kuwa moja.

Droni yangu niifungie ADS-B ili ndege zinione?

Hapana. Droni nyingi zikipaza kwa 1090 zitaijaza chaneli na kuwaziba wenye abiria. Droni hutambulishwa kwa njia nyingine za nguvu ndogo. Unachohitaji kwanza ni kibali cha TCAA, na kukaa mbali na njia za kutua za JNIA, uwanja wa Julius Nyerere.

Ninaweza kusomea wapi kazi hii nikiwa Dar es Salaam?

Uongozaji ndege na ufundi wa mitambo yake hufundishwa kwenye chuo cha TCAA, CATC. Ufundi wa ndege zenyewe uko NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo. Wengi wa mafundi wa mitambo huanza na umeme au mawasiliano ya simu, kama pale DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, halafu hupata mafunzo ya mtambo mmoja mmoja. Jifunze mitandao ya kompyuta pamoja na redio, maana kwenye chumba cha mitambo cha leo hitilafu ya swichi ya mtandao ni ya kawaida sawa na ya antena.